1x1 Mpaka Lini?

Kila mtu Kenya anaijua ile bahasha ndogo ya kaki. Unaingia kemisti, unaeleza shida yako kwa sauti ya chini kwa sababu kuna watu watatu nyuma yako, msee wa kaunta anahesabu tembe, anazimwaga ndani ya bahasha, anachukua biro na kuandika: 1x1. Ama 1x2. Ama 1x3. Anakwambia, "Baada ya kula." Unalipa kwa simu, unaenda zako.

Sasa iangalie tena hiyo bahasha. Imekuambia umeze ngapi, na mara ngapi kwa siku. Kwa dawa ya kichwa hiyo inatosha, sababu kichwa kikiacha kuuma utaacha kumeza bila kuambiwa. Lakini kuna dawa ambazo swali lake kubwa si ngapi wala mara ngapi. Swali lake kubwa ni mpaka lini. Na hilo swali bahasha haijibu.

Naongea juu ya dawa za kutuliza wasiwasi. Valium, Xanax na ndugu zake. Jina la ukoo wao ni benzodiazepini, na mtu mmoja wa huo ukoo, Rohypnol, mitaani anaitwa bugizi. Zimejaa mahosteli yetu kuliko vile wazazi wetu wanafikiria. Na maneno tunayoambiwa juu yake ni ya aina mbili tu: "meza tu, itakusaidia" ama "hiyo ni sumu, tupa." Mimi nasema zote mbili ni uongo, na ule wa pili unaweza kukuua haraka kuliko wa kwanza.

Kabla hujaniandikia kwa komenti "wewe si daktari": kweli, si daktari. Mimi ni mtu aliyepiga magoti kwa simenti akishikilia kichwa cha rumeti wake kisigonge chini. Ngoja nikueleze tulifikaje hapo.

Tulikuwa mwaka wa tatu. Rumeti wangu alikuwa mkali kwa masomo, lakini ikifika kusimama mbele ya darasa, anaisha. Moyo unakimbia, mikono inalowa, pumzi inakataa kushuka. Siku moja alitoka lekcha mbio akidhani anakufa. Alipimwa moyo, uko sawa. Akapigia mamake simu, akaambiwa aombe na apunguze kukaa kwa simu. Akaomba. Hakuna kilichobadilika.

Kisha rafiki akamwelekeza kemisti fulani. Hakuulizwa barua ya daktari. Hakuulizwa anakunywa pombe ama ana ugonjwa gani. Alipewa tembe kumi kwa bei ya sahani ya chipsi, na bahasha imeandikwa 1x1.

Na hapa lazima niseme kitu ambacho watu wa kuhubiri hukiruka: ilifanya kazi. Ilifanya kazi vizuri sana. Alisimama mbele ya darasa, akaongea, akachekesha watu, akarudi kukaa. Usiku akalala kama mtoto. Msichana aliyekuwa amekaa mwaka mzima akiogopa moyo wake mwenyewe, ghafla akapata siku moja ya amani. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba dawa ni mbaya, anakuona mwongo. Na ana haki, kwa sababu yeye ameona.

Shida haikuwa hiyo siku. Shida ilikuwa siku ya arobaini.

Tembe kumi ziliisha, akarudi. Baada ya wiki kadhaa moja haikuwa inashika kama zamani, kwa hivyo 1x1 ikawa 1x2. Mwezi wa nne ikawa 1x3, na sasa mwandiko wa hiyo bahasha ulikuwa wake mwenyewe. Alianza kusahau vitu vidogo, funguo, mazungumzo ya jana. Kitu cha ajabu zaidi, asubuhi kabla ya kumeza alikuwa na hofu kubwa kuliko ile aliyoanza nayo. Mwanzo aliogopa presentesheni. Sasa aliogopa Jumanne.

Jumapili moja akaona video mtandaoni. Kijana anaongea kwa nguvu: tupa hizo sumu leo, jiamini, nguvu iko ndani yako. Video haikuwa yangu, lakini nitakuwa mkweli, ingeweza kuwa yangu. Wiki chache kabla nilikuwa nimeposti kitu kama hicho, nikapata likes zangu, nikalala. Rumeti alimwaga tembe zote chooni. Mimi nikampigia makofi.

Jumatatu alikuwa anatetemeka. Jumanne hakulala, mwanga wa taa ulimuumiza macho, sauti ya mlango ilimfanya aruke. Jumatano asubuhi tulikuwa tunaanika nguo. Aliniita jina mara moja, halafu akaanguka na kifafa. Hajawahi kuwa na kifafa maisha yake yote.

Hospitalini kulikuwa na klinikal ofisa, mama wa makamo. Akaniuliza, "Ametumia nini?" Nikasema, "Hakuna, Mama. Ameacha kila kitu." Aliweka kalamu chini, akaniangalia. "Ameacha nini? Na lini?"

Sikuwa najua kwamba hilo ni swali. Nilikuwa nimekua nikijua dawa inakuumiza ukiimeza. Sikuwa najua kuna dawa inaweza kukuangusha kwa sababu umeiacha.

Na unajua walimdunga nini kusimamisha kile kifafa? Diazepamu. Ndiyo Valium yenyewe. Ukoo ule ule. Kama dawa hii ingekuwa sumu tupu, rafiki yangu hangekuwa hai.

Kwa hivyo tuelewe inafanya nini, polepole.

Ubongo wako una breki zake. Kuna kemikali inaitwa GABA, na kazi yake ni kuwaambia neva, "Tulieni." Benzodiazepini haileti breki mpya. Inaongeza nguvu ya breki ulizo nazo. Ndiyo maana inashika ndani ya dakika chache hadi kama saa moja, na ndiyo maana unaisikia mwili mzima: misuli inalegea, mawazo yanapungua spidi, usingizi unakuja.

Lakini ubongo si mjinga. Ukiona breki zinakanyagwa kila siku na mtu mwingine, unaanza kupunguza nguvu ya zile zako. Taratibu, wiki baada ya wiki. Ndiyo maana tembe moja inaacha kutosha. Sasa fikiria ule mteremko wa Sachang'wan kushuka Salgaa, vile tumezoea kusikia malori yakipoteza breki pale. Wewe ni lori, umebeba mzigo, uko katikati ya mteremko, halafu kijana wa mtandaoni anakwambia ng'oa breki leo, jiamini. Unapata kutetemeka, kukosa usingizi, hofu mara mbili ya ile ya kwanza, na kwa wengine kifafa.

Dereva mwenye uzoefu atakwambia kitu kingine. Ukishuka mteremko mrefu ukiwa umekanyaga breki mwanzo hadi mwisho, breki zinachoma. Mteremko mrefu unashukwa kwa gia ndogo. Breki ni ya dharura. Shikilia hapo, nitarudi kwa hiyo gia.

Jambo la pili la kuelewa, na hapa watu wengi wanaumizana. Mwili kuzoea dawa si kitu kimoja na uraibu. Uraibu ni pale unaitafuta ukijua inakuharibu, unaiba, unadanganya, unaishi kwa ajili yake. Mwili kuzoea kunaweza kumpata mtu yeyote, hata shosho yako anayemeza vile daktari aliandika bila kuongeza hata nusu. Ukiendelea kila siku kwa wiki kadhaa, mwili unajipanga upya, na haukuulizi kama wewe ni mtu wa kanisa. Kwa hivyo ukimwita mtu wa aina hii teja, unaonyesha hujui unachosema, na pia unamfungia mlango wa kuomba msaada. Rumeti wangu hakuwa teja. Alikuwa mwanafunzi aliyefuata bahasha.

Sasa, hasira yangu. Najua tayari umeisikia, lakini niielekeze mahali pake.

Haya yote si siri. Dawa ya kwanza ya ukoo huu, Librium, iliingia sokoni 1960. Valium ilifuata 1963, zote kutoka kwa kazi ya mwanakemia Leo Sternbach katika kampuni ya Hoffmann-La Roche. Zilipokelewa kama muujiza, na kwa sababu nzuri: dawa za kutuliza zilizokuwepo kabla yake, zile za kundi la babitureti, zilikuwa zinaua watu kirahisi ukizidisha. Valium ikawa kati ya dawa zilizoandikwa zaidi na madaktari Marekani. Kisha watu wakaanza kushindwa kuacha. Kule Newcastle, Uingereza, Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya watu hao kwa miaka 12, kuanzia 1982, akiwasaidia kushuka kidogo kidogo. Mwaka wa 1988, kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza iliwaambia madaktari waziwazi: kwa wasiwasi, ziandikwe kwa wiki 2 hadi 4 tu, na kwa wasiwasi mkali. Septemba 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo zito zaidi liongezwe kwa dawa zote za ukoo huu, juu ya matumizi mabaya, uraibu, mwili kuzoea na hatari ya kuacha ghafla.

1988. Wengi wenu mnaosoma hii hamkuwa mmezaliwa. Wazazi wengine hawakuwa wamekutana. Jibu la "mpaka lini" limekuwepo muda huo wote. Wiki mbili hadi nne. Na bado 2x, 3x, bahasha mpya kila mwezi, hakuna mtu ameandika hilo jibu.

Kwa hivyo naanza na kemisti. Kisheria, dawa hizi haziuzwi bila cheti cha daktari. Kuna Bodi ya Famasia na Sumu, na kuna sheria ya dawa za kulevya na zinazobadili akili ya mwaka 1994. Wewe wa kaunta unajua. Najua unajua, kwa sababu ukiulizwa tembe hizi unaangalia mlango kwanza. Kuna wafamasia wanaokataa, wanaomkalisha mtu chini na kumwambia aende hospitali, na hao nawavulia kofia. Lakini wewe unayeuza kama unauza sweets, usiniambie unasaidia vijana. Unasaidia mauzo ya siku.

Daktari naye hajapona. Kuna yule wa dakika tatu. Unaingia, unasema huwezi kulala, anaandika, unatoka. Ukirudi anaandika tena. Sijasema dawa aliyoandika ni mbaya. Nasema ulipanda gari lake bila kuambiwa stejini ya kushuka. Daktari wangu, kama unaweza kuandika mwanzo, unaweza kuandika mwisho. Siku ile ile, karatasi ile ile.

Halafu kuna nyinyi wa "wasiwasi ni mambo ya watu wa Runda." Ati vijana wa siku hizi ni walaini. Kuna watu walikuwa barabarani Juni 2024 na mpaka leo tairi ikipasuka wanalala chini. Kuna watu wamemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, kazi hakuna, deni la HELB linawangoja, na kila Jumapili wanaulizwa "na wewe uko wapi siku hizi?" Mwili ukiishi hivyo miaka, moyo utakimbia hata ukiwa umekaa. Mwaka wa 2020 jopo kazi la serikali yenyewe kuhusu afya ya akili lilipendekeza hali hii itangazwe kuwa janga la kitaifa. Kwa hivyo ukimcheka kijana anaposema ana wasiwasi, umefanya kazi moja tu: umemwonyesha njia ya kemisti. Kule hachekwi.

Na sisi wa mtandaoni. Wengine wanapiga picha na pakiti za Xanax kama ni pafyum. Wengine, kama mimi wa zamani, wanapiga kelele "tupa." Sote tunakula views kutoka kwa mwili wa mtu ambaye hatutamshika akianguka. Ile video yangu niliitoa. Nilifaa kuandika hii siku ile ile. Nimechelewa, na ninaomba msamaha kwa yeyote aliyenisikiliza.

Kuna pia mambo tunayojifanyia wenyewe, na hapa hakuna wa kulaumu. Mtu anatafuna jaba mpaka saa tisa usiku, macho yamekataa kufunga, halafu anatafuta tembe ya kumlaza kwa sababu ana darasa saa mbili. Kesho tena. Hiyo ni kukanyaga mafuta na breki pamoja, na injini ni yako. Na kuchanganya tembe hizi na pombe, sitaki hata kukufanyia mzaha. Zote mbili zinapunguza kupumua. Mtu anaenda kulala na anasahau kupumua. Tunaogopa kuwekewa mchele kwa klabu, na tuko sawa kuogopa. Lakini ukimeza tembe mbili na kushushia na kinywaji, umejiwekea mchele mwenyewe, na hakuna mtu wa kushtaki.

Najua hoja inayokuja. "Wewe unaongea tu. Mshauri ni maelfu kwa saa moja. Tembe ni mia na kitu. Mtu wa bedsitter Roysambu afanye nini?"

Hiyo ndiyo hoja ya maana kuliko zote, na sitaipuuza. Ni kweli. Wataalamu wa akili ni wachache, wamejaa Nairobi, na msaada mzuri unauzwa bei ya kodi ya nyumba. Nakubali kabisa kwamba tembe zimeshinda kwa sababu ni rahisi kupatikana kuliko mtu wa kukusikiliza. Lakini hesabu vizuri. Mia na kitu ya mwezi wa kwanza ni bei ya kiingilio tu. Rumeti wangu alilipa mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Akalipa hospitali. Akakosa mtihani, akarudia somo. Angeliambiwa hiyo bei yote siku ya kwanza kwenye kaunta, angecheka na kutoka.

Na si kweli kwamba nje ya tembe hakuna kitu ila maelfu. Hapa ndipo ile gia ndogo inaingia. Kuna tiba ya mazungumzo inayofanyia kazi mawazo na tabia, na imeonekana kusaidia wasiwasi, na faida yake hubaki baada ya kumaliza. Haifanyi kazi kwa dakika chache. Inafanya kazi kwa wiki. Inakufundisha kitu ambacho mwili wako haujui: kwamba shambulio la hofu, hata liwe kali vipi, hupanda, hufika juu, na hushuka lenyewe. Kila ukimeza tembe katikati ya mlima, hujawahi kuona ukishuka wenyewe. Kila ukikimbia presentesheni, unaambia ubongo, "ulikuwa sawa, kule kulikuwa na simba." Gia ndogo ni kurudi pale, kidogo kidogo: kwanza mbele ya rafiki mmoja, kisha watatu, kisha darasa.

Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri, hata kama iko nyuma ya stoo na imefungwa saa ya lanchi. Nenda ukagonge. Ikiwa imefungwa, andikeni barua kama chama cha wanafunzi, pigeni kelele kama mnavyopiga kelele za karo. Hospitali za kaunti nyingi zina kliniki ya akili kwa bei tofauti kabisa na zile za kibinafsi. Nambari ya NACADA ya bure ni 1192, na haiko kwa ajili ya walevi peke yao.

Kuna pia dawa nyingine za wasiwasi ambazo si za ukoo huu, na ambazo daktari anaweza kuzitumia kwa muda mrefu zaidi. Zinachukua wiki kadhaa kuanza kushika, na wakati mwingine daktari anakupa benzodiazepini kwa hizo wiki chache kama daraja. Hiyo ni matumizi ya akili. Daraja lina mwanzo na lina mwisho. Shida yetu ni kwamba tumeambiwa tujenge nyumba juu ya daraja.

Kwa hivyo sisemi usimeze. Kuna mtu anasoma hii na ana shambulio la hofu mara nne kwa wiki, na daktari amempa tembe za siku chache, na anaona haya. Dada, kaka, meza bila haya. Shirika la Afya Duniani lina diazepamu kwa orodha yake ya dawa muhimu, na si kwa bahati mbaya. Ninachosema ni usikubali kupewa bila kuuliza. Ukiwa kwa daktari ama kwa kaunta, uliza maswali haya hata kama sauti inatetemeka. Mpaka lini? Nikitaka kuacha, naachaje? Inagombana na nini, pombe, dawa zangu zingine, ujauzito? Na mwezi ujao tutakuwa tunafanya nini kingine badala ya hii? Mtu akikasirika kwa sababu umeuliza, hiyo ni jibu. Toka.

Na wewe ambaye tayari uko ndani, miezi mitatu, miaka miwili, soma hii aya mara mbili. Usiache leo. Usiache kwa sababu ya posti, hata hii. Usimwage chooni ndiyo ujisikie shujaa. Nenda hospitali, sema ukweli wote: unameza nini, ngapi, tangu lini, na unachanganya na nini. Hakuna polisi anayekungoja mlangoni mwa kliniki. Utashushwa kidogo kidogo, kwa wiki, wakati mwingine kwa miezi, na utarudi nyuma kidogo siku zingine, na hiyo si kushindwa. Kama huwezi kwenda peke yako, nenda na mtu. Na kama wewe ndiye huyo mtu, usiende na hotuba. Beba maji na ukae naye kwa laini.

Rumeti wangu alishuka kwa miezi sita. Haikuwa safari ya kupendeza. Kuna usiku alinichukia kwa sababu daktari alikuwa amempunguzia na mimi ndiye nilikuwa karibu. Bado anatetemeka kabla ya kuongea mbele ya watu. Muhula uliopita alisimama akatetemeka mbele ya darasa lote, karatasi inapiga kelele mkononi, akamaliza, akakaa. Alipata alama ndogo kuliko ile ya siku ya tembe. Aliniambia hiyo ndiyo alama yake ya kwanza.

Ile bahasha yake ya mwisho bado ninayo, kwa drawa. Mwandiko wake, 1x3. Chini yake kuna nafasi tupu, ya kutosha kabisa maneno mawili ama matatu. Wino wa hayo maneno ungegharimu nini? Kemisti wangu, daktari wangu, andikeni tarehe.

Na wewe, kama wao hawaandiki, uliza. Kwa sauti, watu watatu wakiwa nyuma yako kwa laini wakisikia, na wao wapate ujasiri wa kuuliza.

Mtumie hii yule rafiki ambaye umeona bahasha kwa mkoba wake na ukanyamaza. Usimwandikie kitu kirefu. Mwandikie tu: 1x1 mpaka lini?